Nusu Kaputi si Nusu ya Kazi

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, unywe mafunda mawili matatu. Kilichobaki ndicho kiasi cha damu yote iliyomo mwilini mwa mtoto mchanga wa kilo 5. Hesabu yake haina ugumu: mtoto wa umri huo ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo huyu ana 400 hivi. Mtu mzima akipasuka ngozi ya kichwa akamwaga mililita 100, atabanwa pamba na kuambiwa akae kwenye benchi asubiri zamu yake. Mtoto huyu akimwaga hizo hizo, robo ya damu yake imekwenda, na huenda daktari wa upasuaji wa ubongo hajaufikia hata mfupa wa kichwa.

Mwenye kazi ya kuliona jambo hilo kabla halijatokea ni mtu ambaye picha za magazeti humwacha nje karibu kila mara. Tunazijua picha zenyewe. Daktari bingwa wa ubongo katikati, kofia ya kijani, barakoa imeshushwa kidevuni. Pembeni mama amempakata mtoto mwenye bandeji. Nyuma yao mkurugenzi na bango. Mtu wa usingizi, yule anayempa mgonjwa nusu kaputi na kumlinda wakati anapasuliwa, hayumo. Pengine alikuwa bado ndani, amemshika mtoto mwingine taya, akingoja pumzi zikae sawa. Nina ugomvi na picha hiyo kwa sababu bajeti zetu huwa zinafuata picha.

Lugha nayo imechangia. Tanzania tunasema nusu kaputi. Kaputi ni kufa au kuharibika kabisa, neno ambalo wengi hulifungamanisha na kaputt ya Wajerumani, kwa hiyo nusu yake ni kufa nusu: unachomwa sindano, unazimika, ukizinduka kazi imekwisha. Wanaosema "dawa ya usingizi" hawajasogea mbali na kosa hilo, maana usingizi ni kitu ambacho mtu akikipata huachwa peke yake. Mtoto aliyelala kwao akibanwa na kamasi atajigeuza, atakohoa, atamwamsha mama. Mtoto aliyelazwa ili apasuliwe ubongo hana hata kimoja cha hivyo. Hapumui mpaka apumuliwe. Hatetemeki akipata baridi. Kila ambacho mwili wake ungekifanya wenyewe kimehamia mikononi mwa mtu mmoja, kwa saa mbili, nne, wakati mwingine nane.

Na kwenye ubongo mtu huyo ananyang'anywa kichwa. Katika upasuaji wa tumbo au mguu, mtu wa usingizi hukaa kichwani pa mgonjwa. Hapo ndipo mahali pake pa siku zote. Uso anauona, midomo ikibadilika rangi anaiona, mrija wa hewa uko mbele ya macho yake. Kwenye ubongo meza inazungushwa, kichwa kinafunikwa shuka, na yeye anasukumwa miguuni na mipira yake mirefu. Tangu dakika hiyo hawezi kurekebisha kitu bila kumwomba mwenzake asimamishe kazi. Kila kifungwacho lazima kiwe kimefungwa kabla.

Jaribu kupata picha ya udogo wa mambo. Koo la hewa la mtoto aliyezaliwa karibuni lina urefu wa sentimita 4 hadi 5 tu. Mrija umepitishwa humo na ncha yake imesimama katikati. Kidevu kikishushwa kuelekea kifuani, mrija unazama, unaingia pafu moja na kuliacha jingine bila hewa. Shingo ikinyooshwa nyuma, mrija unapanda na unaweza kuchomoka kabisa. Sasa daktari wa upasuaji, aliye na sababu zake nzuri, anasema: "Naomba nikigeuze kichwa kidogo." Kidogo hicho ndicho chenye hatari. Ndiyo maana wazoefu husikiliza mapafu yote mawili kabla ya kichwa kuwekwa sawa, na husikiliza tena baada yake, hata kama thieta nzima inawatazama kwa kukosa subira.

Watoto wa vichwa vikubwa, waliojaa maji ubongoni, wana ugumu wao hata kabla ya hapo. Kumpitishia mrija mtoto ambaye kichwa chake kina uzito unaokaribia wa kiwiliwili si sawa na wengine: ukimlaza kawaida, kichwa kinainuka juu ya meza, kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inajikunja. Ufumbuzi wake ni wa kikwetu kabisa. Mto hauwekwi kichwani, unawekwa chini ya mwili mzima, na shuka au khanga zilizokunjwa vizuri zinatosha, mpaka sikio na kifua viwe usawa mmoja. Mwenye mgongo wazi, yaani aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunikwa, ambaye uvimbe wake haujafungwa hawezi kulalia mgongo, basi anawekewa kitambaa kilichosokotwa duara kama kata ya kubebea mtungi ili uvimbe ukae kwenye shimo. Watoto hao hao wa mgongo wazi, kwa kuwa hupasuliwa mara nyingi, wako kwenye hatari kubwa ya mzio wa mpira wa asili, ule wa glavu za kawaida. Presha ikianguka ghafla katikati ya kazi na damu haijamwagika, mwenye kujua atazitazama glavu.

Halafu kuna baridi. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu asilimia 18 ya eneo lote la ngozi yake. Kwa mtu mzima ni asilimia 9. Kichwa hicho kimenyolewa, kimepakwa dawa ya maji, na kimeachwa wazi chini ya kiyoyozi kilichofunguliwa kwa ajili ya madaktari waliovaa magauni mazito. Mtoto anaweza kupoa Dar es Salaam, mwezi Februari, kwa sababu watu wazima wanaona joto. Akipoa damu yake haigandi vizuri, dawa zinachelewa kumtoka, na mwishoni haamki. Hapo mtu wa usingizi ndiye anayetakiwa kumwambia bingwa, ambaye huenda ni mkubwa wake kwa umri na kwa cheo, kwamba kiyoyozi kizimwe. Si kila thieta ina utamaduni wa kulipokea agizo la namna hiyo kutoka upande huo wa shuka.

Ila jambo linalonifanya niseme kuwa watu hawa ni nusu ya wapasuaji wa ubongo ni hewa ya kaboni, ile tunayoitoa tukipumua. Ikizidi kwenye damu, mishipa ya ubongo inatanuka na ubongo unavimba. Ikipungua, mishipa inasinyaa na ubongo unapungua. Kila milimita 1 ya zebaki (kipimo cha shinikizo) ya mabadiliko ya hewa hiyo hubadilisha mtiririko wa damu ya ubongo kwa takriban asilimia 3 hadi 4. Maana yake, anayeendesha pumzi anaupanua na kuupunguza ubongo akiwa amekaa miguuni. Akimpumulia mtoto polepole mno, ubongo utajaa mpaka utokeze kwenye tundu. Akipumulia kwa kasi kupita kiasi, utasinyaa vizuri, mpasuaji atafurahi, na huku sehemu za ubongo zinakosa damu kimyakimya.

Kwa hiyo daktari wa upasuaji anaposema "ubongo umevimba", mara nyingi jibu la kwanza haliko kwenye kisu. Je, mrija umejikunja? Shingo imepindishwa hadi mishipa inayoshusha damu imebanwa? Dawa imepungua, mtoto anahisi maumivu? Hewa ya kaboni iko kiwango gani? Vikishaangaliwa hivyo ndipo inafuata manitoli au maji ya chumvi kali ya kuvuta maji kutoka kwenye ubongo. Swali la nne halijibiki kwa macho. Linahitaji kipimo kinachosoma hewa inayotoka, ambacho wenyewe hukiita kapnografi, na thieta nyingi za Afrika bado zinafanya kazi bila hicho. Wasio nacho hutazama kifua kinavyopanda na kushuka. Kifua chenyewe, kumbuka, kimefunikwa shuka.

Kuhusu dawa nitapita haraka, maana ni uwanja wa wenyewe. Halotheni, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1956 na ikabeba thieta zetu kwa miongo mingi, inatanua mishipa ya ubongo kuliko dawa za mvuke zilizoifuata, na inapunguza kasi ya moyo wa mtoto. Ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962, ndiyo imeokoa hospitali za wilaya zisizo na mashine wala umeme wa uhakika. Kwa miaka vitabu viliikataza kwa mgonjwa wa kichwa kwa hofu ya kuongeza shinikizo, na katazo hilo limelegea kwa mgonjwa ambaye pumzi zake zinaendeshwa ipasavyo. Hata hapo neno la maana ni "zinaendeshwa ipasavyo". Tunabishana juu ya dawa kwa sababu dawa ina jina na bei. Mkono unaoiendesha hauna.

Bibi zetu walilijua fuvu la mtoto kwa njia yao. Mjukuu akiletwa, kitu cha kwanza ni kumpapasa utosi. Umebonyea, hajanyonya au anaharisha; umetuna na unadunda, kuna jambo. Fuvu la mtu mzima ni sanduku lililofungwa: Alexander Monro na George Kellie, Waskoti wawili, mmoja mwaka 1783 na mwingine 1824, ndio walioeleza kwamba ndani yake kikiongezeka kitu kimoja lazima kingine kipungue. Mtoto mchanga ana utosi na mifupa ambayo haijaungana, hivyo sanduku lake linatanuka. Hiyo ni rehema yenye hila. Maji yakijaa ubongoni kichwa kinakua taratibu, mtoto anaendelea kunyonya na kucheka, jirani anasema ni kichwa cha baba yake, na wiki zinapita. Anapofika hospitali amekwisha anza kutapika, macho yamegeukia chini kama jua linalozama, na upasuaji hauna tena siku ya kusubiri.

Mbale, mashariki mwa Uganda, ndiko Afrika Mashariki ilikofundisha dunia kitu kuhusu watoto hawa. Hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa huko karibu mwaka 2000, na daktari Mmarekani Benjamin Warf akakuta kwamba wengi wa watoto wake hawakuzaliwa na tatizo hilo. Walilipata baada ya maambukizi ya wiki za kwanza za maisha. Kuwawekea wote mpira wa kushusha maji tumboni, ule ambao wazazi wengine huuita shanti, kulimtia wasiwasi: mpira ukiziba, mtoto wa kijijini aliye mbali na barabara anaweza kufa kabla hajafika. Akaunganisha njia mbili kwa kamera ndogo, kutoboa tundu ili maji yapate njia ndani ya ubongo, na kuunguza tishu zinazotengeneza maji hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Mwaka 2017 utafiti wa watoto 100 uliofanyika hapo hapo Mbale ukaonyesha kwamba, baada ya miezi 12, ukuaji wa akili wa waliotobolewa haukutofautiana kwa maana yoyote na wa waliowekewa mpira.

Habari hiyo husimuliwa kama habari ya upasuaji. Isikilize kwa sikio la mtu wa usingizi. Mpira ni kitu cha maisha. Ukiziba, ukiingia wadudu, ukiwa mfupi kwa mtoto aliyekua, ni kurudi thieta. Kila kurudi ni nusu kaputi nyingine, na mara nyingi ni usiku, kwa mtoto aliyetoka kula na anayetapika, mbele ya timu iliyochoka. Njia ya kamera nayo ina mtego wake. Maji ya kusafishia yakiingia kwa kasi kuliko yanavyotoka, au sakafu ya chumba cha ubongo ikisukumwa, moyo wa mtoto unapunguza mapigo ghafla. Bingwa macho yake yako kwenye skrini, anaona mishipa na giza. Anayejua ni yule anayesikia mlio. Kile kibano cha kidoleni, oksimita, ambacho Mjapani Takuo Aoyagi aligundua kanuni yake na kuieleza mwaka 1974, hutoa mlio kwa kila pigo, na mlio unazidi kuwa mzito kadiri oksijeni inavyoshuka. Anasikia milio inaachana, anasema "simama", bingwa anaondoa kamera, moyo unarudi. Sekunde kumi. Hakuna gazeti litakaloziandika.

Hapa kwetu vituo vinaongezeka. Kuna MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kuna hospitali ya Bugando ya Mwanza, na Zanzibar ina taasisi ya upasuaji wa ubongo ya NED pale hospitali ya Mnazi Mmoja tangu 2014. Nashangilia. Lakini kila tangazo la kituo kipya hutaja kipimo cha CT, darubini ya upasuaji, vitanda, na jina la bingwa. Mimi ningependa kusoma mstari mwingine: ni nani atawalaza watoto, alijifunza wapi kulaza watoto wa chini ya mwaka mmoja, na akienda likizo ni nani anabaki.

Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi linataka angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hazifikishi hata 1. Pengo hilo limezibwa na wauguzi na maofisa wa usingizi, na ndio waliobeba mzigo tangu zamani. Sina subira na mabingwa wanaowadharau. Muuguzi aliyefundishwa vizuri na anayelaza watoto kila siku ni salama kuliko bingwa wa vitabuni aliyelaza mtoto wa kilo 3 mara moja mwaka jana. Hospitali ya Kijabe nchini Kenya imewafundisha wauguzi wa usingizi kwa miaka mingi, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha katika miaka ya 2010 mafunzo ya ubingwa wa usingizi wa watoto. Hiyo ndiyo njia: mmoja aliyebobea, wengi waliofundishwa naye, na simu inayopokelewa usiku.

Matokeo ya kutofanya hivyo yamepimwa. Utafiti mkubwa wa Afrika uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia zaidi ya watoto 8,600 waliopasuliwa katika hospitali 249 za nchi 31. Si wa ubongo peke yao, ni upasuaji wa kila aina. Asilimia 18 walipata matatizo baada ya upasuaji na asilimia 2.3 walifariki hospitalini. Yaani karibu watoto 23 kwa kila 1,000. Ukikumbuka kwamba hesabu hiyo ina ndani yake watoto wa ngiri na wa mifupa iliyovunjika, utaelewa kwa nini naogopa kuifikiria ya ubongo peke yake.

Tena tunayo sehemu ya tiba ya tatizo hili, na ilijaribiwa kwetu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile karatasi moja inayosomwa kwa sauti kabla ya kulaza, kabla ya kukata na kabla ya kutoka, ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, na moja ilikuwa Ifakara. London, Seattle, Toronto, na Ifakara ya Morogoro. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo kutoka 11 hadi 7. Wagonjwa wale walikuwa wa miaka 16 na zaidi, lakini karatasi yenyewe iliwakumbuka watoto kwa mstari mmoja ambao ningeubandika ukutani: je, kuna hatari ya kupoteza damu zaidi ya mililita 7 kwa kila kilo? Mrudie yule mtoto wetu wa kilo 5. Ni mililita 35. Vijiko saba vya chai. Kabla ya kijiko cha nane, damu iliyopimwa na kulinganishwa na yake iwe imeshafika thieta, si kwamba baba ametumwa kutafuta ndugu wa kuchangia.

Ubaya ni kwamba karatasi hiyo sehemu nyingi hujazwa baadaye, kwa pamoja, kwa kalamu moja.

Nina jambo la kusema pia juu ya kambi za upasuaji, ambazo nami niliwahi kuzishangilia. Wageni wanakuja wiki moja, watoto wanapangwa foleni, idadi inatangazwa Ijumaa. Timu nyingi ni za watu makini wanaokuja na mtu wao wa usingizi. Nyingine zinakuja na wapasuaji watatu na kumkuta mwenyeji mmoja wa usingizi, ambaye sasa anakimbia kati ya meza mbili. Kwenye ngiri mtoto pengine atanusurika. Kwenye kichwa cha mtoto, kuwa na nusu ya macho ya mtu wa usingizi ni kutokuwa naye. Idadi ya waliopasuliwa Ijumaa ni habari isiyokamilika. Nipeni idadi ya waliokuwa hai siku ya thelathini.

Najua jibu nitakalopewa, na lina uzito. Kungoja nako kunaua. Mtoto wa kichwa kikubwa anayerudishwa nyumbani mpaka vifaa vikamilike anarudi kipofu, au harudi. Sisemi hospitali zifunge milango. Nasema mtu wa usingizi awe na haki ya kusema "si leo, damu haijafika", na uongozi uihesabu sauti hiyo kuwa kazi, isiitwe uvivu. Na kapnografi iingie kwenye orodha ile ile ya manunuzi inayoingiza darubini, siku ile ile. Bei zake hazikaribiani hata kidogo.

Wazazi wana hofu nyingine, na huwa wanajibiwa ovyo. Mama anauliza kama nusu kaputi itamharibu mtoto akili. Si swali la kijinga. Desemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu dawa hizi kwa watoto wa chini ya miaka 3, zikitumika kwa zaidi ya saa 3 au mara kwa mara. Kisha mwaka 2019 utafiti wa watoto 722 wa upasuaji wa ngiri, waliofuatiliwa hadi miaka 5, ukaonyesha kwamba nusu kaputi moja ya chini ya saa moja haikupunguza akili ikilinganishwa na ganzi ya mgongoni. Wa ubongo hukaa muda mrefu zaidi, na huenda akarudi. Lakini kwake yeye maji yaliyojaa kichwani yanaharibu akili kwa hakika. Mama anayeelezwa hivyo, kwa maneno hayo, huelewa. Shida ni kwamba mara nyingi anapewa fomu asaini.

Na kuna suala la kunyonya, ambalo limenikaa rohoni. Mpwa wangu alizaliwa njiti, mimba ya miezi saba. Alipofika miezi mitatu kichwa kilikuwa kimeanza kukua, tukapangiwa upasuaji katika hospitali ambayo sitaitaja. Dada yangu aliambiwa asimnyonyeshe tangu saa sita usiku. Saa mbili asubuhi walisema anafuata. Saa nne walisema kuna dharura. Alichukuliwa saa nane mchana. Saa kumi na nne bila tone, mtoto wa miezi mitatu, Dar es Salaam. Alilia mpaka akaacha kutoa machozi, na dada yangu alikaa amemgeuzia mgongo kwa sababu akisikia harufu ya maziwa alikuwa anazidi. Sista mmoja akamwambia kwa upole kabisa, "Vumilia mama, ndiyo kanuni." Siyo. Kanuni ya miaka yote ni kufunga muda wa saa nne kwa maziwa ya mama na saa mbili kwa maji, na mwongozo wa Ulaya wa 2022 umeshusha zaidi, saa tatu kwa maziwa ya mama na moja kwa maji. Kumfungisha mtoto kutwa hakumpi usalama wowote. Kunamletea sukari iliyoshuka na mishipa iliyosinyaa. Walimchoma mara tano kutafuta mshipa.

Upasuaji ulikwenda vizuri, nalisema kwa haki. Aliyemlaza alikuwa kijana mmoja mpole ambaye alitoka mwenyewe kuja kutuambia, na sijui jina lake mpaka leo.

Kilichonishtua ni usiku wake. Njiti ambaye hajafikisha wiki 60, ukihesabu tangu mimba, anaweza kusahau kupumua baada ya nusu kaputi, hata saa kadhaa baada ya kuamka. Mpwa wangu alikuwa kwenye wiki ya 44. Mtoto wa namna hiyo hutakiwa kulala akiwa na kipimo mwilini, karibu na mtu anayejua kumzindua. ICU, wodi ya mahututi, ilikuwa imejaa. Aliwekwa wodini, na wodini kibano cha kidoleni kilikuwa kimoja, kinazunguka. Sista wa zamu alikuwa peke yake kwa vitanda vyote. Alipofika kwetu alimtazama mtoto, akamtazama dada yangu, akasema, "Mama, usilale. Mtazame kifua. Kikiacha kupanda, mfinye unyayo na uniite kwa nguvu."

Dada yangu aliweka kiganja juu ya kifua kile, akakaa hivyo hadi adhana ya alfajiri. Mara mbili alimfinya.